Kompyuta Yenye Pindo

Ulimwona. Usijitie hamnazo, ulimwona. Siku ile ulikuwa nyuma yake dukani, waya wako wa chaji mkononi, unangoja zamu yako. Ulimsikia muuzaji akimvika yule mzee kilemba cha ukoka. Ulijua anauziwa mbuzi kwenye gunia. Ukatazama dari. Ukatazama simu. Ukasema moyoni: huyu si baba yangu.

Ndivyo tulivyo siku zote. Walipotuuzia redio zenye mdomo mpana na tumbo tupu, tulitazama pembeni. Walipotuuzia simu zilizokufa kabla ya kuisha harufu ya upya, tulitazama pembeni. Aliyeliwa alikwenda kulia kwake peke yake, nasi tukamcheka: "Kaliwa huyo!" Hakuna kilichosahaulika. Basi kaa hapa usome yaliyompata mzee yule baada ya wewe kutazama dari.

Mzee yule ni fundi cherehani. Watu humwita Fundi Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni, hata akienda kwenye mazishi. Anaishi na kufanya kazi katika chumba kimoja kinachotazama barabara. Mbele kuna cherehani na meza ya kukatia nguo. Nyuma ya pazia kuna kitanda, jiko na viti viwili. Kiti kimoja hukaliwa. Cha pili huwekewa nguo zinazongoja wenyewe.

Mkewe alifariki. Mtoto wao ni mmoja tu, binti. Alipokuwa mdogo alikaa chini ya meza akiokota vifungo, baba yake akambandika jina: Kifungo. Jina likaganda. Sasa Kifungo ni mtu mzima, anafanya kazi nchi ya mbali, na nauli ya kurudi si ya kila mwaka.

Zamani wateja walijaa mpaka mlangoni. Siku hizi watu hununua nguo zilizoshonwa tayari. Wanaokuja kwa Fundi Futi huja kukatiwa suruali au kubadilishiwa zipu. Huacha nguo, huondoka. Kuna siku jua lilizama hajatamka neno lolote ila "Kesho itakuwa tayari."

Kifungo alikuwa akimpigia simu.

"Baba, shikamoo. Umekula?"

"Marahaba. Nimekula. Na wewe umekula?"

"Nimekula."

Halafu kimya. Kila mmoja alisikia pumzi ya mwenzake. Kisha mmoja angesema mvua imenyesha, na mwingine angesema haya, tutaongea.

Siku moja Kifungo akasema, "Baba, unakumbuka lile gemu letu la kujenga mji?"

Angelisahau vipi? Kabla binti hajasafiri, walikuwa wakilicheza pamoja kwenye kompyuta yake. Ndani ya gemu kila mchezaji ana mtu wake. Huyo mtu huchimba mawe, hukata miti, hujenga nyumba. Wachezaji wanaweza kuwa mbalimbali kabisa, lakini kwa intaneti hukutana mji mmoja na kuongea kama wamekaa pamoja.

"Nunua kompyuta, baba. Tukutane mjini kwetu kila Jumamosi. Lakini uwe mwangalifu. Gemu la sasa ni zito. Kompyuta ya kuandikia barua haitaliweza."

Fundi Futi alielewa mara moja. Mtu akiwa na kazi mkononi, ulimi wake hulegea. Ndivyo wateja walivyomsimulia siri zao zote huku akiwapima mabega. Simu haina kazi ya mikono. Gemu linayo.

Alikuwa na cherehani mbili. Moja yake, moja ya marehemu mkewe. Ile ya mkewe ilifunikwa kitambaa, na kila asubuhi aliifuta vumbi. Akaiuza. Aliyeinunua aliipakia kwenye mkokoteni, na fundi akasimama mlangoni mpaka mkokoteni ulipokata kona.

Ndipo akaja dukani. Ndipo ulipomwona.

"Karibu mzee wangu!" muuzaji alisema. "Unamtafutia mjukuu gemu?"

"Mimi ndiye mcheza gemu."

Muuzaji akacheka mpaka akashika kaunta. "Basi umefika, kijana wangu! Huyu hapa tunamwita Mnyama."

Mnyama alikuwa sanduku la kompyuta lenye kioo mbele na kioo ubavuni. Ndani zilizunguka taa nyekundu, za kijani na za buluu.

"Ana nguvu?" fundi aliuliza.

"Mzee, tazama taa hizo! Kitu dhaifu kitawaka hivyo?"

"Ndani kuna nini hasa?"

"Prosesa ya jina kubwa. Ramu imo. Kadi ya picha imo. Unataka nini tena, na bawa la kuku?"

Foleni ikacheka. Fundi naye akatabasamu, lakini akaendelea. "Nifungulie nitazame."

"Aa! Ukifungua, dhamana imekufa. Mzee, watu wanangoja nyuma yako."

Mtu akakohoa kwenye foleni. Unamjua aliyekohoa.

Fundi Futi akaona haya. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote hajanunua hata leso bila kuigeuza atazame mshono wa ndani. Hata shati la kupewa bure huligeuza. Siku hiyo alitoa pesa, akanunua bila kugeuza.

Nyumbani aliiweka kompyuta chini ya meza ya kukatia, isimzuie kazi, skrini tu ikabaki juu. Kifungo akamwelekeza kwa simu, waya huu hapa, waya ule pale. Jumamosi ya kwanza wakakutana mjini.

"Baba! Nakuona! Mbona umesimama juu ya mti?"

"Sijui nimefikaje. Nishushe."

Wakacheka. Wakaanza kuijenga upya nyumba yao ya zamani, ile alimozaliwa Kifungo.

"Baba, mlango umeupinda."

"Mlango wetu ulikuwa umepinda. Mama yako aliusukuma kwa nyonga kila siku."

"Kweli! Huku amebeba ndoo, na anautukana!"

Hawakuwa wameongea habari za mama tangu mazishi. Sasa zilitoka zenyewe, jiwe baada ya jiwe. Jumamosi hiyo, na nyingine, na nyingine. Siku za kati zilikuwa kimya kama zamani, lakini kimya chake kilikuwa na mwisho unaojulikana.

Kisha picha zikaanza kukwama. Mtu wa Kifungo alikuwa akitembea, mara ameganda, mara yuko mahali pengine. Feni ikaanza kulia kama mbu, halafu kama mtu anayesaga kokoto. Jumamosi moja ikatoka harufu ya plastiki inayoungua. Skrini ikawa nyeusi katikati ya sentensi. Taa nazo zikazima, zile taa zenye nguvu.

Fundi alimpigia simu muuzaji.

"Mzee, umeme wa kwako ndio mbovu," muuzaji akasema. "Dhamana haihusu umeme wa mtu." Akakata.

Alipopiga Kifungo, baba yake alimdanganya. "Nina kazi nyingi, mwanangu. Wateja wamefurika. Tuache gemu kwanza."

"Sawa, baba. Nafurahi umepata wateja." Sauti ya binti ilikuwa ndogo. "Umekula?"

"Nimekula."

Angemwambiaje kwamba ameuza cherehani ya mama yake akanunua taa? Akaifunika kompyuta kwa kile kitambaa kilichokuwa kikifunika cherehani. Akarudi kwenye zipu zake.

Jumamosi moja mchana mtu akabisha hodi.

"Karibu," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Zipu au pindo?"

"Sina nguo, baba. Shikamoo."

Alikuwa jirani yake wa nyuma ya ukuta, mwanamke anayetunza kompyuta za chuo cha ufundi na kufundisha humo. Ukuta wao ni mmoja. Miaka yote hiyo walikuwa wamepeana "Habari" na "Nzuri" tu, kama watu wanaopeana chenji.

"Marahaba. Kuna tatizo?"

Jirani alisitasita. "Jumamosi hizi sikusikii ukicheka."

Fundi akasimamisha cherehani.

"Samahani," jirani akasema haraka. "Ukuta ni mwembamba. Mimi naishi peke yangu. Jumamosi nilikuwa napika huku nawasikia wewe na binti yako mnabishana habari za mlango. Ilikuwa kama nina wageni. Halafu nikaanza kusikia feni inalia. Nilijua inalia nini, ndiyo kazi yangu. Nikasema, si kompyuta yangu. Nikanyamaza. Kisha mkanyamaza na nyinyi."

Fundi Futi alitazama kiti cha pili. Akaondoa nguo za watu. Akasema, "Kaa, mwanangu."

Walipokwisha kunywa chai, jirani aliinama chini ya meza, akatoka na nyuzi kwenye nywele.

"Baba! Umeificha humu? Kila ukikata kitambaa, vumbi la pamba linaiangukia. Kompyuta inavuta hewa ili ipoe. Hii imekuwa ikivuta nyuzi."

"Kumbe kosa ni langu."

"Lako robo. Tutazame hizo robo tatu ni za nani. Kwanza tunachomoa waya wa umeme ukutani. Usifungue kompyuta ikiwa kwenye umeme, kamwe."

Akafungua ubavu wa kompyuta. Fundi akavaa miwani, akachungulia. Ilikuwa mara ya kwanza anaona ndani ya kitu alichokiuzia cherehani.

"Kioo hiki cha mbele hakina tundu," jirani alisema. "Hewa ipite wapi? Mbele pazuri pawe na wavu. Sasa hii ni pawasaplai, ndiyo inayogawa umeme kwa viungo vyote. Nimeitoa, ishike."

"Nyepesi. Kama kopo tupu."

"Haina jina la aliyeitengeneza, wala haisemi inabeba umeme kiasi gani. Pawasaplai duni huzidiwa, na ikifa huweza kufa na wenzake. Harufu ile ilitoka humu. Lakini hili kopo lenyewe tusilifungue. Hata likichomolewa hubaki na umeme wa kudhuru."

"Na hii yenye kifuniko kizuri?"

"Kadi ya picha. Kwa gemu, huyu ndiye anayebeba mzigo mkubwa. Hii ni ya zamani sana. Wameivalisha kifuniko kipya."

Fundi akaguna. "Wamegeuza kola."

"Wamefanya nini?"

"Shati likichakaa kola, unaifumua, unaigeuza upande mzima juu. Linaonekana jipya shingoni, mgongo umekwisha. Mimi mwenyewe nimegeuza nyingi, lakini mwenye shati anajua!"

Jirani akacheka sana. "Basi kola imegeuzwa. Na prosesa, ubongo wake, vilevile: jina kubwa, kizazi cha zamani. Usiulize jina tu, uliza imetoka mwaka gani. Ramu, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, ni kipande kimoja kidogo, na bodi hii inayoshika viungo vyote haina nafasi ya kuongeza kingine. Umbo lake si la kawaida. Siku moja ikiharibika, hutapata bodi nyingine ya kuingia humu. Hata pawasaplai ya duka jingine haitakaa."

Fundi Futi aliinuka. Akaenda kutoa sare ya shule iliyokuwa ikingoja mwenyewe, akaigeuza ndani nje.

"Tazama hapa chini. Nimekunja vidole vinne vya kitambaa. Hili ni pindo. Mtoto akirefuka, mama yake anarudi, naliachia kidogo. Mwaka wa pili naliachia tena. Sare moja inamfikisha mbali. Zile za dukani hazina pindo. Mtoto akirefuka, anatupa." Akaigonga kompyuta kwa kidole. "Hii haina pindo."

"Hasa!" jirani alisema. "Baba, mimi nafundisha watu jambo hili kila mwaka, na sijawahi kulisema vizuri hivyo."

"Mimi nililijua," fundi alisema polepole, "na bado nililiwa. Niliona haya kuuliza mara ya pili."

Wakaenda dukani, fundi na kompyuta mikononi, jirani pembeni. Muuzaji alikuwa amemwashia Mnyama mwingine mama mmoja mwenye kikapu, aliyekuwa akimnunulia mdogo wake.

"Mzee, nilikwambia ni umeme wa kwako," muuzaji akaanza.

Fundi aliiweka kompyuta juu ya kaunta. Alimgeukia yule mama. "Dada, hii ni ndugu yake hiyo unayoitazama. Mwambie akufungulie uone ndani."

"Mzee, njoo ofisini tuongee kama watu wazima."

"Hapa napo wamejaa watu wazima."

Foleni ikaguna. Muuzaji akashusha sauti. "Dhamana inakufa ukifungua…"

"Basi fungua wewe mwenye duka," fundi akasema kwa sauti. "Mimi ni fundi cherehani. Mteja akitaka kuona mshono, namgeuzia nguo. Anayekataza kugeuza, mshono wake naujua."

Halafu mtu mmoja kwenye foleni akaacha kutazama dari. Hakuwa wewe. Ungekuwa wewe, ungetajwa hapa kwa heshima. Alisema maneno mawili tu: "Mfungulie mama." Mwingine nyuma yake akayarudia. Kisha duka zima.

Muuzaji hakumfungulia mama. Alimrudishia fundi pesa zake, haraka, kama mtu anayemwaga maji juu ya moto. Yule mama akatoka na kikapu chake na pesa yake yote.

Pesa ilirudi. Cherehani haikurudi. Fundi alikwenda kwa aliyeinunua, akaambiwa imeshauzwa mbele kwa mbele, na hakuna anayejua ilipo.

Duka la pili lilikuwa la kichochoroni. Jirani alisimama nyuma akanyamaza makusudi, fundi akaongea mwenyewe. Kwanza alitaja gemu analotaka kucheza, kwa sababu hununui kitambaa kabla ya kujua unashona nini. Kisha akasema, "Fungua." Mwenye duka akafungua.

"Hii kadi ya picha ni ya lini?"

"Si ya mwaka huu, mzee. Ya toleo lililopita. Ya mwaka huu ni ghali, na kwa gemu lako hii inatosha na kubaki. Ina giga nane za kumbukumbu zake yenyewe."

"Ramu?"

"Giga kumi na sita, vipande viwili. Hapa kuna nafasi mbili tupu."

"Pindo," fundi akamnong'oneza jirani. "Bodi hii itakubali prosesa mpya zaidi baadaye?"

"Itakubali. Na umbo lake ni la kawaida, utapata vipuri popote."

"Nipe hiyo pawasaplai mkononi." Ilikuwa nzito, ina jina, ina maandishi ya umeme inaobeba, na ina nguvu ya akiba. Diski ya kuhifadhia ilikuwa ile ya haraka, isiyozunguka. Mbele kulikuwa na wavu. Dhamana iliandikwa, na iliandikwa wazi kwamba kuongeza ramu au diski hakuiui. Sanduku lenyewe lilikuwa jeusi, bila taa hata moja.

"Haina mapambo, mzee," mwenye duka akaomba radhi.

"Na mimi sina. Tuwashe gemu."

Likawashwa palepale dukani. Fundi akavuta kiti, akacheza mpaka mashine ikapata joto, huku jirani ameweka kiganja kwenye feni na sikio karibu. Haikukwama. Haikulia. Ndipo akatoa pesa. Ilikuwa bei rahisi kuliko Mnyama, maana hakununua taa.

Nyumbani aliipandisha juu ya rafu, mbali na meza ya kukatia. Kila Ijumaa akaizima, akaichomoa, akapiga wavu kwa brashi kavu ileile ya kutolea nyuzi kwenye makoti.

Jumamosi alimpigia Kifungo yeye mwenyewe. Akamwambia yote. Akafika kwenye cherehani. Baba alisikia pumzi tu.

"Baba," hatimaye binti alisema, "ingia mjini."

Aliingia. Kifungo alikuwa kwenye nyumba yao, kando ya dirisha. Alijenga kimyakimya kwa mawe meusi, na baba akamtazama. Ilikuwa cherehani. Haina sindano, haishoni, gurudumu lake ni la pembe nne. Fundi Futi alimsogeza mtu wake akasimama mbele yake, akakaa hapo muda mrefu.

Miaka imepita tangu siku ile. Kompyuta ni ileile. Imeongezwa ramu mara moja na diski mara moja, na mwaka jana imebadilishiwa kadi ya picha. Pindo limeachiwa, vazi bado linavaliwa. Kifungo hajarudi. Siku za kati bado ni ndefu, na zipu hazisemi. Lakini Jumamosi jirani huja na sufuria yake, hukaa kwenye kiti cha pili, na kubishana nao habari za mlango. Nguo za wateja siku hizi hutundikwa ukutani.

Sasa wewe. Ndiyo, wewe wa dari. Umeshajua pa kutazama: kadi ya picha, pawasaplai, nafasi tupu, wavu wa mbele, umbo la kawaida. Huna tena pa kujificha. Na nyuma ya ukuta wako yupo mtu aliyekuwa akicheka, siku hizi humsikii. Weka maandishi haya chini. Usingoje kesho. Vaa viatu, nenda kabishe hodi. Akikwambia anakwenda kununua mashine, nenda naye. Wakikataa kumfungulia, usikohoe. Sema kwa sauti, duka zima lisikie: Fungua!

Inuka. Dari haijawahi kukuhitaji.